Shangingi Halinunuliwi kwa Sababu ya Barabara

Gari la baba yangu linalala chini ya mwembe, nyumbani kwetu Kibaoni. Kutembea linatembea, lakini mara mbili au tatu kwa mwezi. Siku nyingine zote kuku wanakimbilia kivuli chini yake na mama anaanika matambara ya jikoni kwenye bampa la mbele. Ni gari refu la dizeli, injini ya lita tatu, viti saba, tairi ya akiba imefungwa kwenye mlango wa nyuma. Baba alilinunua mwaka 2023, miezi minne baada ya kustaafu ualimu wa shule ya msingi, kwa fedha ya mafao. Ukimuuliza kama anajuta anakujibu, "Gari ni gari, mama." Mama ndivyo anavyoniita mimi, binti yake wa kwanza.

Niseme mapema, nisije nikaonekana ninamsuta mzee wangu mbele ya watu: wazo la gari lilikuwa langu. Nitafika huko. Kwanza nataka tubishane kuhusu sababu tunazozitoa, sisi tunaojiita wasomi, tunapochagua gari refu badala ya gari dogo. Nimezisikia hosteli, nimezisikia kwenye vikao vya harusi, nimezisikia kwa rafiki zangu walioajiriwa juzi na leo tayari wanakatwa mkopo wa benki kwenye mshahara. Ni zilezile tatu: barabara zetu ni mbovu, usalama, familia. Mimi ninadai kwamba hakuna hata moja kati ya hizo inayotutoa fedha mfukoni. Tunanunua gari refu ili tusiulizwe tunakwenda wapi.

Tuanze na barabara, kwa sababu Kibaoni ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hiyo. Tupo mkoa wa Katavi, wilaya ya Mlele, halmashauri ya Mpimbwe, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Lami ya kutoka Sumbawanga inatufikia. Lakini ukitaka kwenda Mpanda, makao makuu ya mkoa, unaelekea kaskazini hadi Sitalike, kama kilomita sabini, kwa njia inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na baba alipostaafu kipande hicho kilikuwa bado cha udongo. Kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo wa mbuga ukilowa unashika tairi kama ugali mbichi unavyoshika mwiko. Upande mwingine, kuelekea Maji Moto, Mamba na Kasansa, ni mashamba ya mpunga, na mpunga haulimwi mahali pakavu. Kama kuna Mtanzania mwenye haki ya kusema "huku bila gari la kuvuta matairi yote manne hutoboi," ni mtu wa kwetu.

Sasa njoo ukae kijiweni, njia panda, mwezi wa pili, uhesabu wanaopita kwenye tope. Utaona bodaboda amempakia mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya dagaa mapajani. Utaona Fuso lililojaza magunia ya mpunga hadi linaegemea upande mmoja. Utaona Noah na Probox zilizofungwa spring za kuongeza kimo, madereva wake wanalijua kila shimo kwa jina. Utaona Land Cruiser mkonga, la kazi, lina watu kumi na tano nyuma na mbuzi wawili. Shangingi lenye vioo vya giza litapita pia, la nadra, na mara nyingi litakuwa na namba za serikali au nembo ya mradi mlangoni. Maana yake ni kwamba watu ambao barabara mbovu ndiyo maisha yao ya kila siku wanaishinda kwa pikipiki ya cc 125, gari dogo la mtumba na dereva anayeijua njia. Tope wanalo wao, na hoja ya tope wamechukua wengine.

Kuna ushahidi mwingine unaonisumbua zaidi. Nilipokuwa mdogo, njia ya Sumbawanga ikiwa vumbi tupu, mtu wa kwetu aliyekuwa na gari alikuwa na chochote kinachowaka. Leo gari dogo linatoka Kibaoni asubuhi na kufika Sumbawanga bila kugusa tope, na ni leo hii kila aliyepata fedha anatafuta gari refu. Huko Dar es Salaam ninakosoma, Harrier na Vanguard zinatoka Mbezi kwenda Posta na kurudi, mwaka mzima, bila kukutana na kitu kigumu kuliko tuta la barabarani. Lami ilipokuja, magari hayakushuka kimo. Yalipanda.

Nisieleweke vibaya. Simkatalii daktari wa wilaya, askari wa wanyamapori wala gari la wagonjwa. Hao gari refu kwao ni jembe. Ninamzungumzia mwenye kununua jembe la milioni hamsini kwa ajili ya kulitundika ukutani.

Hoja ya pili ni usalama. Anayekaa juu anajisikia salama, hilo kweli, na gari zito likigongana na jepesi, zito linaumia kidogo. Lakini salama ya nani? Novemba 2023 taasisi ya bima ya Marekani inayochunguza usalama barabarani, IIHS, ilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu watembea kwa miguu. Magari ambayo boneti yake imepanda zaidi ya inchi 40 kutoka ardhini, yaani kama sentimita 102, yalikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua mtu yakimgonga, yakilinganishwa na magari yenye boneti ya inchi 30 au chini inayoteremka kwa mbele. Gari fupi linakupiga miguuni, unaangukia boneti. Refu linakupiga kifuani, unaangukia chini yake. Mtoto wa darasa la pili linampiga kichwani. Na barabara zetu, ninyi mnazijua, hazina njia ya miguu. Watoto wa Kibaoni wanakwenda shule kwenye ukingo wa lami. Anaponiambia amenunua usalama, ninamuuliza aliununua kutoka kwa nani.

Ya tatu, familia, sitaikalia sana. Gari la baba lina viti saba. Nyumbani wamebaki yeye na mama.

Mtu atasema haya ni mambo ya dunia nzima, tusijilaumu peke yetu. Ni kweli. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema mwaka 2023 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa duniani yalikuwa ya aina hii. Marekani, sheria ya mwaka 1975 ya kubana matumizi ya mafuta ilitenga magari ya abiria na malori mepesi, na malori yakawekewa masharti laini. Viwanda vikaona mlango. Vikachukua mwili wa lori, vikaweka viti vya sebuleni, vikaliita gari la familia, kisha vikatumia miongo miwili kuwaambia Wamarekani wa mijini kwamba wao ni watu wa milimani. Kwa hiyo hata huko lilikotokea, gari refu halikuzaliwa na barabara mbovu. Lilizaliwa na mwanya wa sheria na matangazo. Sisi tumeletewa jibu, ndipo tukajitafutia swali.

Lakini sisi tulikuwa na historia yetu kabla ya matangazo hayo kutufikia, na iko ndani ya lugha. Ninasoma shahada ya uzamili katika isimu, mniwie radhi. Kizazi cha babu zetu kiliwaita wakubwa Wabenzi, kabila jipya lililozaliwa baada ya uhuru, mila yake ikiwa ni kupanda Mercedes-Benz. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kulifunga kamba kabila hilo kwa miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wakubwa walipohama kutoka gari la chini la Kijerumani kwenda gari refu la Kijapani, watu wakatunga jina jingine: shangingi. Neno hilo lilikuwapo. Lilikuwa, na bado ni, jina la kumsema mwanamke wa mjini aliyekubuhu, anayejua kula fedha za watu na kujipamba nazo. Kama mwanamke ninaudhika kwamba anasa za wanaume zilikwenda kuazima tusi kwetu. Kama mwanaisimu ninakiri kwamba waliolibuni walijua walichokuwa wakisema: kitu cha kupendeza, cha gharama, na anayelipa siye anayekipanda.

Na hapa Kibaoni hatuwezi kuongelea mashangingi bila kumtaja Mzee Mizengo Pinda, kwa sababu ni mtu wa hapa. Alikuwa waziri mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, akijiita mtoto wa mkulima, na moja ya mambo aliyoyasemea hadharani ni gharama ya magari ya anasa serikalini. Nilikuwa shule ya msingi, ninakumbuka watu wazima wakilirudia jambo hilo kwa fahari, kwamba mtu wetu amewaambia. Kenya nao walijaribu. Juni 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa waziri wa fedha, alitangaza kwamba mawaziri na maofisa wakuu warudishe magari makubwa na watumie yenye injini isiyozidi cc 1800. Serikali ikaagiza Volkswagen Passat. Baadhi ya mawaziri waliburuta miguu kurudisha funguo. Kwetu, Juni 2022, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alisimama bungeni na bajeti na kupendekeza watumishi wenye stahili ya gari wakopeshwe wanunue yao, badala ya serikali kununua, kujaza mafuta na kulipia matengenezo.

Pendekezo hilo lina akili ndani yake: mtu akilipa mwenyewe atachagua kwa busara. Nami ningelikubali moja kwa moja, isipokuwa ninamjua mtu aliyelipa mwenyewe, senti kwa senti, na bado akachagua refu. Yupo chini ya mwembe.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Mwaka 2022 nilihitimu shahada ya kwanza. Baba alisafiri siku mbili kwa basi kuja kuniona nikivaa joho. Alivaa suti yake ya kijivu, ile ya mikutano ya wazazi, na alikuwa na bahasha ya kaki yenye kadi ya mwaliko. Nilikuwa ndani, ninamsubiri karibu na geti, ninamwona. Gari refu jeupe likafika, mlinzi akanyanyua kizuizi kabla halijasimama, akapiga saluti. La pili, vilevile. Halafu baba akafika kwa miguu, na mlinzi huyohuyo akamzuia kwa mkono: "Mzee, unakwenda wapi?" Baba akatoa bahasha. Mlinzi akaisoma kadi mbele na nyuma. Nyuma ya baba wakaja wengine wawili kwa gari. Kizuizi kikanyanyuka.

Baba hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema, jioni, tukila chipsi kuku kwa raha ya kuhitimu. Nilimwambia, "Baba, ukistaafu nunua gari. Gari la maana. Siku ya uzamili usije ukasimamishwa tena." Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina shahada, na hilo ndilo lililokuwa funzo nililolipata chuoni siku ile: kwamba tatizo la geti ni kimo cha baba.

Mwaka uliofuata akastaafu. Aliajiriwa akijua kwamba atapata nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kilimpa asilimia 33. Ilikuwa milioni arobaini na kitu kwa miaka thelathini na nne ya chaki. Kwa miaka mingi alikuwa na mpango ameuchora kwenye daftari la maandalio ya masomo: mashine ya kukoboa mpunga, kibanda chake, na akiba ya ada ya mdogo wangu. Alichukua milioni ishirini na saba akanunua gari refu lililokwisha kutumiwa hapa nchini na watu wawili kabla yake. Mashine akaifunga mtu mwingine, mita mia mbili kutoka kwetu. Baba anapeleka mpunga wake hapo, analipa kwa gunia.

Hesabu za gari mnazijua, au mtazijua. Kwenda Mpanda na kurudi ni zaidi ya kilomita mia mbili. Kwa njia ile, gari lile linakunywa lita ishirini na tano kama halina haraka, na mwaka 2024 lita ilifika zaidi ya shilingi elfu tatu. Nauli ya basi haifiki nusu ya hapo. Ongeza bima, ongeza oili, ongeza tairi nne ambazo bei yake ni ada ya muhula. Pensheni ya mwezi ya mwalimu haiwezi kulisha kitu hicho, kwa hiyo kinalala. Na wewe unayesema baba yako alinunua chakavu, mimi nitaagiza langu Japani, haya: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 injini ikizidi cc 2000, asilimia 30 nyingine ya uchakavu gari likizidi miaka kumi, na juu ya yote hayo VAT asilimia 18. Utakuwa umelipa gari mbili, umepata moja.

Lakini nilipomwambia baba auze, ndipo nilipoelewa majuto yanavyokaa kwa wenye magari marefu. Aliniambia, "Nikiliuza watu watasema Mwalimu ameishiwa." Basi. Ndiyo maana hutawasikia wakijuta. Kitu kilichonunuliwa ili watu waone hakiwezi kurudishwa kimyakimya, kwa sababu walioona watauliza. Mwenye gari dogo akishindwa mafuta anapanda daladala. Mwenye shangingi akishindwa, analiegesha na kusema linasubiri fundi. Ukitaka kujua idadi ya wanaojuta usiwaulize, hesabu magari yanayosubiri fundi mwezi mzima.

Haki inanitaka niseme na hili. Machi 2024, mvua imekaza, binti wa jirani alishikwa na uchungu wa uzazi uliokwenda vibaya. Ikaonekana apelekwe Mpanda haraka, na gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Baba akawasha. Walivuka hifadhi alfajiri, kwenye tope, na mahali pamoja walimsubiri kiboko aondoke barabarani. Mama na mtoto wapo, mtoto anaanza kutembea. Baba anapenda kulisimulia, na kila akimaliza ananitazama, kana kwamba anasema: umeona?

Nimeona. Nisingependa gari lile liwe halikuwapo alfajiri ile. Lakini nimekaa na hadithi hiyo muda mrefu na sikubali kwamba inanijibu. Inaonesha kwamba uhai wa mzazi wa Kibaoni ulining'inia kwenye swali kama mwalimu mstaafu ana dizeli kwenye tangi. Usiku huo alikuwa nayo. Ingekuwa wiki moja nyuma, asingekuwa nayo. Tukilihesabu tukio lile kama ushindi wa gari refu, tumeisamehe barabara, tumelisamehe gari la wagonjwa ambalo ni moja kwa watu wote hao, na tumekubali kila kaya ijinunulie serikali yake yenye matairi manne. Na hapo ndipo ubaya wa shangingi ulipo. Anayelipanda haihisi barabara. Asiyeihisi haidai. Wenye sauti katika nchi hii, wanaosikilizwa wakipiga simu, karibu wote wameketi juu, wamefunga vioo, na shimo linalomvunja bodaboda mguu kwao ni mtikisiko mdogo wa kikombe.

Kwa hiyo wewe mwenzangu uliyepata ajira, unayejaza fomu ya mkopo wa miaka mitano: usiniambie barabara. Niambie geti. Niambie mlinzi, kikao cha harusi, mjomba aliyeuliza "bado unapanda daladala?", na mkwe mtarajiwa anayechungulia dirishani uone ulichokuja nacho. Hayo ninayaelewa, yana maumivu ya kweli, na nilishayalipia kwa fedha ya mtu mwingine. Tukiyataja kwa jina lake tunaweza angalau kuuliza kama milioni hamsini ndiyo dawa, au kama ni nafuu zaidi siku ile ningemfuata yule mlinzi nikamwambia, huyu ni baba yangu, amenisomesha, mnyanyulie kizuizi.

Desemba nilikwenda nyumbani kwa basi. Baba alikuja stendi kunipokea kwa baiskeli. Nilimwamkia, akaitikia, akafunga begi langu kwenye karia. Nikamuuliza gari lina nini. "Halina kitu. Limepumzika." Tukatembea, yeye anasukuma, mimi nimeshika begi lisianguke. Nikamwambia, "Baba, lile gari nilikosea mimi." Alinyamaza mpaka tukapita mashine ya kukoboa, inanguruma, vumbi la pumba limetanda njiani. Kisha akasema, "Kumbe unajua."

Nikamwambia ninataka kuliandika jambo hili. "Andika," akasema. "Ila jina langu usiliweke."

Sijaliweka.